Kuku wa Stoo ya Mwisho

Mtaa wa Kuku, ule ulio nyuma ya stesheni ya zamani mjini Kitale, hauna kuku hata mmoja. Mgeni akiuliza jina lilitoka wapi, kila mtu humpa jibu lake. Fundi wa pikipiki atamwambia palikuwa na soko la kuku zamani za mkoloni. Mchungaji wa kanisa lililo katikati ya mtaa atasema ni utani wa walevi. Lakini akifika kwa Sally muuza uji, ataketishwa kwenye kreti ya soda na kusimuliwa ile hadithi ambayo Nabwile aliisikia siku aliyohamia, na ambayo tangu hapo hakuweza kuitoa kichwani.

"Hizi zote zilikuwa stoo za mahindi," Sally alimwambia, akionyesha kwa mwiko majengo marefu ya matofali yaliyopangana kutoka relini hadi barabarani. "Gari moshi lilikuwa likifika mpaka hapa. Wabebaji walijaa kama siafu. Sasa, stoo ikifungwa muda mrefu na mahindi ndani, inashikwa na njaa. Ukiingia tu hivi hivi, inakuchukua. Unapatwa umelala juu ya magunia, huna kidonda, huna damu. Ndio wakaanza kuipatia kuku. Wanamweka ndani, wanafunga mlango, wanangoja nje. Kuku akifa, stoo imekula. Imeshiba. Watu wanaingia kazini."

"Na asipokufa?"

"Hapo bado. Wanangoja mpaka akufe." Sally alikoroga uji wake. "Na wewe umekodi ya mwisho, Mama Viola. Hiyo ndiyo ilikuwa na njaa kushinda zote, ati."

Nabwile alicheka kwa adabu. Alikuwa mtu wa kwaya, na mambo ya stoo kula kuku hayakuwa mambo ya mtu wa kwaya. Lakini jioni ile alipokuwa akifagia chumba chake kipya, alijikuta anafagia huku uso ameuelekeza mlangoni.

Mtaa ulikuwa umebadilika tangu siku za wabebaji. Gari moshi liliacha kuja, mahindi yakaanza kupelekwa kwenye maghala makubwa nje ya mji, na stoo zikabaki tupu zikiota majani kwenye mifereji ya paa. Baadaye wenye majengo walizigawa kwa kuta nyembamba na kuzikodisha vipande vipande. Moja ikawa kanisa, moja mahali pa kunyanyua vyuma, moja ya mitumba, moja mabweni ya wanafunzi wa chuo. Paa zilibaki zile zile, za mabati mazito yenye kutu, na sakafu zile zile za saruji iliyong'arishwa na miguu ya wanaume waliobeba magunia maisha yao yote.

Nabwile alitoka Bungoma baada ya kufiwa na mume, akaja Kitale ili awe karibu na bintiye Viola aliyeolewa kijiji cha Kwanza, nje kidogo ya mji. Alikodi sehemu ya mbele ya stoo ya mwisho na kuanza kutunza watoto wa akina mama wa sokoni, wengi wao wakitoka upande wa Kipsongo. Alitandika mikeka na magodoro sakafuni, akafunika ukuta wa nyuma kwa kanga ili pasionekane ubaridi wa matofali. Watoto walimzoea. Mdogo kuliko wote alikuwa Kibiwott, mwana wa Jerop muuza nyanya. Hakuwa ametimiza mwaka, na alikuwa na tabia ya kulala huku ameshika kidole cha mtu.

Babake Nabwile, mzee Mukhisa, alikuwa naye amewahi kuwa mbebaji Kitale alipokuwa kijana, kabla ya kurudi Bungoma kulima. Hilo watu wa nyumbani walilijua. Lakini hakulizungumzia, na Nabwile hakuwahi kuuliza. Katika nyumba yao, msichana hakumwuliza baba habari za ujana wake.

Mwezi wa mavuno, tajiri mmoja alikodi sehemu ya nyuma ya stoo ile ile, ambayo mlango wake ulifungukia kichochoro cha upande wa pili. Nabwile hakumwona uso. Alisikia tu malori kutoka Kwanza yakirudi nyuma, na magunia yakianguka puu, puu, ng'ambo ya ukuta, mchana kutwa. Halafu kimya. Mlango ulifungwa, malori yakaondoka, na mvua ambayo haikutarajiwa mwezi ule ikaanza.

Ndipo harufu ilipokuja. Mwanzoni alidhani ni kitunguu saumu kwenye sufuria ya Sally. Siku iliyofuata ilikuwa kama samaki aliyesahauliwa ndani ya mfuko. Alitafuta panya aliyekufa chini ya kila godoro asimwone. Kichwa kilianza kumgonga alasiri. Aliketi kwenye stuli yake karibu na mlango, na akitoka nje kidogo kumwita muuza maji, kichwa kilipoa. Akirudi, kilianza tena. Watoto nao wakawa wazito. Chepkirui, ambaye kwa kawaida hangetulia hata kwa peremende, alilala tangu asubuhi na kuamshwa kwa kutikiswa.

"Ni baridi tu," alimwambia Jerop jioni, akimkabidhi Kibiwott. Alimwona Jerop akimpapasa mtoto shingoni. Aliogopa hata kumtazama machoni.

Asubuhi iliyofuata hofu ilipata sura. Watoto hawakuwa wamekaa sana ndani Chepkirui alipotapika. Kisha mwingine akatapika, kisha mwingine. Kibiwott hakutapika. Alilegea tu kama nguo iliyolowa, macho yake yakitazama juu ya bega la Nabwile kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake. Nabwile aligeuka. Palikuwa na ukuta, na kanga zilizotundikwa, na kanga moja ilikuwa ikitikisika chini ilhali upepo haukuwepo.

Alipiga ukelele. Sally alikuja mbio na mwiko wake mkononi, na nyuma yake Rotich, keateka, mtunzaji wa jengo, akifunga vifungo vya koti la mvua. Waliwatoa watoto wote nje hadi barazani, wakawalaza kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mvua ilirusha matone.

Kule nje watoto walianza kulia. Nabwile alishukuru kusikia kilio. Hata Kibiwott aliguna, akakunja uso.

"Twende hospitali," Nabwile alisema.

"Na hii mvua, na watoto watano, kwa boda gani?" Rotich alisema. "Na si unaona wanaamka? Hii si ugonjwa wa hospitali, Mama Viola. Ugonjwa gani unakaa ndani ya nyumba, mtu akitoka unamwacha?"

Nabwile aliugeukia mlango uliobaki wazi.

"Mimi nilikuambia," Sally alisema kwa sauti ya chini. "Hii stoo haijapewa kitu tangu gari moshi lilipoacha kuja. Na sasa wamelaza mahindi ndani tena. Imekumbuka."

"Sally, mimi ni mtu wa Mungu."

"Hata mimi si wa shetani. Lakini hawa ni watoto wa watu. Jerop akikuja hapa jioni utamwambia nini? Ati ulikuwa unaimba kwaya?"

Nabwile aliwatazama watoto. Mtu akiogopa kwa ajili yake mwenyewe huweza kukaza moyo. Akiogopa kwa ajili ya mtoto wa mwenziwe, moyo haukazi. Alifungua kitambaa alichofungia hela, akampa Rotich bila kumtazama, na Rotich akaenda sokoni akarudi na kuku mwekundu aliyefungwa miguu, mwenye afya, mwenye kelele.

Sally ndiye aliyemwingiza. Alimfunga pembeni kabisa, chini ya ukuta wa nyuma, akiinua kanga ili kuku awe karibu na matofali. "Hapo ndipo walikuwa wakimweka," alisema, ingawa hakuna aliyemwambia. Alitoka akivuta mlango.

"Mbona unafunga?" Nabwile aliuliza.

"Stoo haili ikitazamwa."

Walingoja. Mwanzoni walimsikia kuku akipiga mbawa. Nabwile alijaribu kuomba lakini maneno hayakukaa pamoja. Kila alipoanza sala, sikio lake lilikwenda mlangoni. Wateja wa Sally walikuja, wakanywa, wakaulizia watoto, wakaondoka kwa haraka bila kumaliza vikombe. Mpaka uji ulipoisha sufuriani, hakuna kilichosikika tena ndani.

Rotich alisukuma mlango. Kuku alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, mdomo wazi. Hakuwa na tone la damu.

"Imepokea!" Sally alishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, kisha akatoa machozi. "Imepokea, bana! Umeona? Imeshiba!"

Nabwile naye alipata nafuu. Aliona aibu kwa nafuu ile, lakini aliihisi. Mvua ilikuwa imeongezeka, upepo umegeuka, na mkeka wa barazani ulikuwa umelowa chapachapa. Watoto walitetemeka. Basi waliwarudisha ndani, mmoja mmoja. Rotich alimbeba Chepkirui na mwenzake, Sally akabeba wawili. Nabwile mwenyewe alimbeba Kibiwott, akamlaza kwenye godoro kavu kuliko yote, lile lililo pembeni chini ya kanga. Alimfunika mpaka kidevuni. Mtoto alitafuta kidole, akakipata, akalala. Nabwile alikichomoa kidole chake polepole, akatoka, akarudisha mlango ili mvua isiingie.

Sally alikuwa tayari ameshika kuku kwa miguu. "Sasa huyu? Tunamnyonyoa ama tunamzika?"

"Wa sadaka analiwa," Rotich alisema. "Kwetu kitu cha sadaka hakitupwi."

"Labda wa stoo haliwi. Mimi sijui. Nyanya yangu aliyenisimulia hakufika hapo."

Walibishana kidogo, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu, kwa maana ulikuwa wa watu waliookoka. Mwishowe Sally alisema, "Si ulisema babako alikuwa mbebaji hapa, Mama Viola? Mpigie. Mwulize wao walikuwa wakimfanya nini kuku akishakufa."

Ndani ya chumba, mvua juu ya mabati isingemruhusu mtu kusikia simu. Kwa hiyo Nabwile alisimama barazani, kidole kimoja kikiziba sikio, akapiga Bungoma. Simu iliita mpaka karibu ikatike.

"Papa, ni Nabwile. Mvua iko huko?"

"Iko. Tumeingiza mahindi mabichi, yataoza tu. Viola anaendeleaje?"

"Mzima. Papa, nataka kukuuliza neno la zamani. Mlipokuwa mkibeba mahindi Kitale, mlikuwa mkiweka kuku kwa stoo?"

Mzee alicheka, kicheko ambacho Nabwile hakuwahi kukisikia kwake. "Nani amekuambia hayo? Tuliweka, ndio. Tulikula kuku wengi sana, mama! Kila stoo ikifunguliwa, kuku. Sisi tulikuwa wanene, ungetuona."

"Mlikuwa mkimla akishakufa?"

"Akishachinjwa. Tunafungua mlango, anatoka akipiga kelele, tunachinja, tunaingia kazini tumeshiba."

Nabwile hakuelewa. "Na yule aliyekufa ndani?"

"Huyo haliwi na mtu. Huyo tunazika, na tunakaa nje mpaka kesho. Milango yote wazi." Sauti ya mzee ilibadilika. "Kwa nini unauliza?"

"Papa, kuku wetu amekufa."

"Wapi?"

"Ndani. Hakuna aliyemgusa."

"Ndani wapi, Nabwile?"

"Hapa kwangu. Stoo ya mwisho."

Kisha mzee alipaza sauti hivi kwamba hata Rotich aliisikia. "Hiyo ni dawa! Dawa ya wadudu wanaiweka kwa magunia, inatoa moshi usioonekana! Mvua ikiingia ndio mbaya zaidi! Chini ya ule ukuta kuna matundu, stoo zote zilijengwa na matundu chini ili mahindi yapate hewa. Kuku ni wa kupima tu! Watoto wako wapi? Nabwile! Watoto wako wapi?"

Simu ilianguka majini. Nabwile aliusukuma mlango kwa bega.

Harufu ilimpiga usoni, nzito kuliko asubuhi. Kila kitu chumbani kilikuwa kimetulia vizuri sana. Watoto walikuwa wamelala kama watoto wa kwenye picha, na kwa hofu aliyokuwa nayo, alidhani wote wamekwisha. Akamnyakua wa kwanza, karibu amtupe mikononi mwa Rotich. "Toa! Toa wote!" Sally alipiga kelele akitaka kuingia lakini miguu yake ilikataa kuvuka kizingiti. Rotich alirudi akabeba wawili. Nabwile alimvuta Chepkirui kwa mkono, akamfikisha mlangoni, akasikia kifua chake mwenyewe kimebanwa kama kwa kamba ya gunia. Macho yalimchonyota. Kwa muda hakujua mlango uko upande gani.

Kibiwott alikuwa bado pembeni.

Alizuia pumzi, akainama. Hapo chini, kwenye magodoro, ndipo harufu ilipokuwa na uzito wake wote. Alielewa hapo kwa nini yeye wa kwenye stuli aliumwa kichwa tu. Alipolivuta blanketi alilomfunika kwa mikono yake mwenyewe, aliona nyuma ya kanga, usawa wa uso wa mtoto, tundu la mraba kwenye matofali, jeusi, na kutoka humo upepo mdogo baridi ukimpuliza shavuni. Alimkumbatia mtoto akakimbia. Aligonga ukuta, akagonga stuli, akatoka, akaenda mbele zaidi ya baraza, hadi katikati ya mtaa, chini ya mvua. Alipiga magoti kwenye matope akamgeuza mtoto kifudifudi kwenye mapaja yake, akampigapiga mgongo.

Mtaa wote ulikuwa umetoka. Wanyanyua vyuma, wanafunzi, mchungaji na shati lake jeupe. Mtu wa mitumba alileta gari lake la kubebea mabunda. Watoto walipakiwa humo, likaelekea hospitali.

Hospitalini watoto waliwekewa oksijeni na maji ya mshipani. Wanne waliamka kabla ya mchana kwisha, wakilia, wakidai mama zao. Kibiwott hakuamka. Nabwile alikaa kwenye benchi karibu na kitanda, nguo zake zikiwa na matope, naye pia akipumua kwa shida na kukataa kulazwa. Rotich alikuja akamweleza kwa sauti ya chini kwamba maafisa waliovaa vifaa vya usoni walifungua stoo ya nyuma na kukuta dawa kati ya magunia, na paa likivuja juu yake. Tajiri alipigiwa simu. Alisema alibandika onyo kwenye mlango wake, kule kichochoroni, na kwamba hakujua kuna watoto ng'ambo ya ukuta.

"Na kweli hakuna aliyemwambia," Rotich alisema, akiangalia kofia yake. "Mimi ndiye nilikuwa na funguo zote mbili. Sikufikiria kuwa ni nyumba moja."

Nabwile hakuwa na ghadhabu ya kumpa mtu. Alikuwa akitazama kifua cha mtoto. Kilipanda, kikashuka, kikasimama kidogo, na katika kusimama kule yeye naye aliacha kupumua mpaka kilipopanda tena. Daktari alikuwa amesema wangojee. Hakusema wangojee nini.

Aliisikia sauti ya Jerop kutoka mbali, kwenye ukumbi. Haikuwa sauti ya kilio. Alikuwa akimwuliza mtu njia, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa tu "mtoto yuko hospitali" na kufikiri ni homa. Kisha alisimama mlangoni, leso imelowa, mikono ikinuka nyanya, akitabasamu kwa woga.

"Mama Viola. Amekula leo?"

Nabwile alisimama. Alikuwa amepanga maneno tangu mchana, kuanzia harufu, kuanzia kuku, kuanzia zile siku alizosema ni baridi tu. Maneno yote yalimkimbia, likabaki moja tu.

"Nilimlaza mimi," alisema. "Walikuwa wameshatoka nje. Mimi ndiye nilimrudisha nikamlaza."

Jerop alimtazama, kisha akakitazama kitanda, na tabasamu likaondoka polepole. Hakupiga kelele. Alipita akasimama karibu na kichwa cha mtoto, akainama, akamwita kwa Kikalenjin, jina lile fupi la nyumbani ambalo Nabwile hakuwahi kulijua. Aliita tena. Alitia kidole chake ndani ya kiganja kile kidogo.

Vidole havikushika.

Aliita mara nyingine, sauti ikianza kupasuka, na Nabwile akageuzia uso ukutani kwa sababu hakuweza kutazama. Ndipo aliposikia mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesafisha koo, na baada yake kikohozi, na baada ya kikohozi kilio chembamba kilichokatika katikati.

Kikaanza tena. Kikakatika. Kikaanza.

Muuguzi alikuja mbio. Jerop alimshika Nabwile mkono kwa nguvu mpaka ukauma, bila kumgeukia, na Nabwile hakujua kama ule mshiko ulikuwa wa kumshukuru au wa kumzuia asiondoke mpaka aeleze yote. Hakuuliza. Wote wawili walisimama hapo wakikisikiliza kilio kile, na kila kilipotua kuvuta pumzi, waliogopa.